Kujisahaulisha na Ludo wasiwasi ukibana: ni dawa au ni kukimbia?

SWALI: Habari dokta. Niko Busia upande wa Uganda, miaka 34, nauza spea za boda. Mwaka jana nikiwa kwenye kamunye, matatu zetu hizi, naenda Kampala kuchukua mzigo, pale msitu wa Mabira moyo ulianza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, nikajua leo ndo nakufa. Hospitali walipima moyo, presha, damu, wakasema niko sawa, ni mawazo tu. Tangu siku hiyo nikipanda gari naweka hedifoni, muziki juu kabisa, nahesabu miti mpaka Mukono. Siku zingine namlipa jamaa anichukulie mzigo. Halafu kuna mkopo wa SACCO, simu ya afisa wa mikopo ikiita tumbo linakatika, naiacha iite nakimbilia Ludo pale steji. Usiku ni TikTok mpaka saa nane. Nikicheza nasahau kabisa, nikiacha inarudi mara mbili. Mke wangu anasema nakimbia matatizo. Mchungaji anasema nijishughulishe nisikae na mawazo. Nani mkweli?

JIBU: Ndugu yangu, karibu. Kwanza mi si dokta, ni mshauri wa saikolojia, sindano sichomi. Pili umefanya vizuri kupimwa kabla ya kuniandikia, manake moyo kwenda mbio kunaweza kuletwa na upungufu wa damu, na tezi ya shingo, hata na hizo enaji drinki watu wanakunywa barabarani chupa tatu tatu, na mtu ambaye hajapimwa ukimwambia "ni mawazo tu" unabahatisha na maisha yake. Wewe hiyo hatua umeshapita.

Sasa mkeo na mchungaji. Wote wana ukweli, ila hawazungumzii kitu kimoja. Mchungaji anazungumzia usiku, mkeo anazungumzia simu inayoita. Na we mwenyewe kwenye barua yako umefunga mambo matatu kamba moja: kuna gari, kuna simu ya SACCO, kuna usiku. Kwenye yote matatu unafanya kitu kilekile, unahamisha mawazo, lakini kinachotokea baadaye si kilekile hata kidogo, kwa hiyo ukiniuliza kujisahaulisha ni kubaya au kuzuri nitakuuliza wapi, na ukimaliza unarudi wapi.

Niseme kwanza kwa nini Ludo inafanya kazi, manake inafanya kweli, si kwamba unajidanganya. Akili ya mtu ina nafasi ndogo sana ya kufanyia kazi kwa wakati mmoja. Ukiwa pale steji unahesabu kete ya mwenzako imebakisha hatua ngapi iingie nyumbani, ukipata sita utoe nyingine au ukimbize ile iliyoko njiani, ile nafasi imejaa na mkopo hauna pa kukaa. Omweso, lile bao letu la Uganda, unafanya hivyo zaidi, mashimo 32, kete 64, ukihesabu vibaya shimo moja jamaa anakula kete zako zote na wazee wanakucheka. Kitu chochote kinachotaka macho, mikono na hesabu kwa pamoja kinabana wasiwasi kuliko kitu unachokipokea tu ukiwa umelala. Kufungua injini ya boda na kuirudisha ni dawa nzuri kuliko video mia moja, na hiyo we unayo dukani kwako bure.

Na mi siko upande wa wale wataalamu wanaosema kila kuhamisha mawazo ni kukimbia. Mtu yuko nje ya tiata hospitali ya Mulago, mama yake yuko ndani anapasuliwa, saa tatu hizo afanye nini? Hakuna anachoweza kufanya. Acheze Ludo, asuke, abishane na mwenzake Arsenal na Manchester, asome gazeti mpaka matangazo ya vifo. Mtu anayesubiri matokeo ya UNEB, mitihani ya taifa, ni hivyohivyo, karatasi zimeshasahihishwa, wasiwasi wake hauongezi hata alama moja. Pale ambapo hakuna kazi ya kufanya, kujisahaulisha ni akili, si uoga. Shida inaanza pale ambapo kazi ipo.

Tuanze na gari, hapo ndo kuna mengi.

Kilichokupata Mabira kinaitwa shambulio la hofu. Mwili umepiga king'ora bila moto. Homoni ya adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio kupeleka damu kwenye misuli, unaanza kupumua haraka haraka bila kujua, na ukipumua haraka hivyo unatoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi, ndo mikono inakufa ganzi, midomo inachezacheza, kichwa kinakuwa chepesi, na wewe ukiyaona hayo unaogopa zaidi, king'ora kinaongezeka. Watu wengi wanaogopa watazimia, lakini kuzimia kunataka presha ishuke ghafla na kwenye shambulio kama hili presha mara nyingi inapanda kidogo. Na lina mwisho wake. Kwa kawaida linafika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi hata dakika kumi hazifiki, halafu linaanza kushuka lenyewe, uwe umefanya kitu au hujafanya.

Hapo kwenye kushuka ndo muhimu. Linashuka lenyewe. Lakini we hujawahi kuliona likishuka lenyewe, kwa sababu kila safari umeweka muziki juu na kuhesabu miti, na ukifika Mukono mzima unajiambia "leo muziki umeniokoa". Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Uingereza, Paul Salkovskis, alieleza hii kitu vizuri: watu wenye hofu wana vitu vidogo vya kujikinga, mmoja anashika kiti, mwingine anatembea na chupa ya maji, mwingine lazima akae karibu na mlango, na kwa sababu wanavifanya kila mara hawapati nafasi ya kugundua kwamba hatari yenyewe haikuwepo. Hedifoni zako ndo hizo. Muziki wenyewe hauna kosa, sikiliza hata wa Afrigo Band mpaka Kampala kama unaupenda. Jiulize tu: betri ikiisha hapo Njeru, kabla msitu haujaanza, utaendelea na safari au utamwambia konda "simamisha, masao"? Kama utashuka, hapo muziki umekuwa gongo la kutembelea na miguu yako ni mizima.

Kwa hiyo usitupe kila kitu siku moja, punguza. Panda Busia mpaka Bugiri na urudi, muziki chini nusu. Safari inayofuata Iganga, sikio moja wazi. Halafu Jinja, vuka daraja, zungukia Njeru, rudi. Halafu ndo Mabira. Rudia kila hatua mpaka ikuchoshe, yaani mpaka ukiwa pale unawaza njaa badala ya kifo, ndo uende nyingine. Na yule jamaa anayekuchukulia mzigo mlipe mara ya mwisho, kwa heshima, umwambie sasa utaenda mwenyewe, manake kila anapoenda yeye, msitu wa Mabira unakua mkubwa kichwani mwako ingawa kule kwenyewe watu wanaukata.

Hofu ikija njiani, na itakuja, usipambane nayo na usiikimbie. Sema kimoyomoyo, "haya, moyo unakwenda mbio, najua hii ni nini." Toa pumzi ndefu polepole, ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Halafu rudisha macho ndani ya gari na nje ya dirisha. Ukifika Najjembe, au mbele kule Namawojjolo, wale vijana wanakimbilia dirishani na vijiti vya kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma: angalia mmoja vizuri, koti lake la buluu lina namba gani, moshi unanukaje, anasema bei gani, gonja ikiguswa ina moto kiasi gani. Nunua kama una njaa. Utaniambia hii si ni kama kuhesabu miti? Kwa mbali inafanana, hata wataalamu tunachanganya. Kuhesabu miti unafanya ili usisikie mwili wako, macho yako kwenye miti na roho inaomba "isije, isije". Hii nyingine unaruhusu moyo uende mbio na hapohapo unaona kuku. Unabaki ndani ya gari na hofu yako, mnasafiri wote.

Hii si nadharia ya Ulaya. Hapa kwetu, Rhino Camp kule West Nile, Shirika la Afya Duniani na wenzake walijaribu programu ya Self-Help Plus kwa wanawake wakimbizi karibu 700 kutoka Sudan Kusini, matokeo yalitoka 2020. Vikao vitano vya saa mbili mbili, mafundisho yamerekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, watu wanakaa kwenye kundi wanasikiliza na kufanya mazoezi. Hebu fikiria, watu wale matatizo yao hayawezi kuisha kwa kusikiliza spika, vita iko palepale, chakula kimepunguzwa. Walichofundishwa si kusahau. Walifundishwa kutambua mawazo na hisia ngumu, kuzitaja, halafu kurudisha akili kwenye kinachoonekana, kinachosikika, kinachogusika, na kufanya jambo dogo lenye maana kwao. Msongo ulipungua kuliko kwa wale ambao hawakupata hivyo vikao, na baada ya miezi mitatu tofauti ilikuwa imepungua lakini ilikuwepo bado.

Sasa simu. Hapa ssebo niko na mkeo moja kwa moja.

Simu ya afisa wa mikopo haifanani na Mabira. Mabira hakuna hatari, kule SACCO kuna hesabu ya kweli inayokua. Angalia kinachotokea: simu inaita, tumbo linakatika, unaiacha, inanyamaza, unasikia nafuu. Ile nafuu ya sekunde mbili ndo mwalimu mbaya, inaifundisha akili yako kwamba kutopokea kunaondoa maumivu, kwa hiyo kesho ikiita tumbo litakatika mapema zaidi na mkono utakuwa mzito zaidi. Ndo maana unasema inarudi mara mbili. Wasiwasi umeongezeka kwa sababu umeulisha, na deni nalo limeongezeka, faini inaingia, afisa anaanza kuwapigia wadhamini wako, na pengine mdhamini mmoja ni shemeji, sasa hata kwenye sherehe ya familia huwezi kwenda. Hayo yote hayakuletwa na Ludo. Yameletwa na ile simu ambayo haikupokelewa.

Fanya hivi, na ufanye kabla hujaanza kufikiria sana. Usisubiri akupigie, piga wewe. Asubuhi, kabla duka halijachanganya, ukiwa na karatasi yenye mistari mitatu: leo nina shilingi ngapi za kulipa, kila wiki naweza kutoa ngapi bila kudanganya, ninachoomba ni kupangiwa upya malipo. Soma hiyo karatasi vilevile kama ilivyo, hata sauti ikitetemeka, afisa amesikia sauti zinazotetemeka nyingi kwenye kazi yake. Usiahidi kiasi ambacho huna ili tu akate simu haraka, manake hiyo nayo ni njia nyingine ya kukimbia, unanunua nafuu ya leo kwa simu kali zaidi ya Ijumaa. Mara nyingi mkopeshaji anapendelea mtu anayelipa kidogo na anapatikana kuliko kusubiri kukamata pikipiki. Kama hatakubali, angalau utajua unapambana na nini, na kitu unachokijua ukubwa wake hakikuamshi usiku kama kile usichokijua.

Hapo Ludo ina kazi yake nzuri. Ukiwa umebanwa sana hata karatasi huwezi kuandika, mkono unatetemeka, cheza mchezo mmoja, weka saa ikulilie, mwili ushuke kidogo, halafu piga. Ukishapiga rudi steji ucheze mpaka jioni, sina neno. Kinachonisumbua ni pale unapocheza na simu iko mfukoni inatetemeka na wote pale steji mnaisikia mnajifanya hamjaisikia.

Na swali moja ambalo hukuliandika: hiyo Ludo mnachezea bure au mnaweka hela? Steji nyingi nazozijua wanaweka. Kama unaweka hela, au baada ya Ludo unapitia kwenye duka la kubeti "kujaribu bahati ili nimalize mkopo", basi hapo tumeshatoka kwenye kujisahaulisha, ni shida ya pili juu ya ya kwanza na hiyo haitaki ujanja wa kisaikolojia, inataka uache. Waragi pia. Pombe inatuliza wasiwasi kweli kwa saa chache, halafu inapotoka mwilini asubuhi inaurudisha na riba, mikono inatetemeka, moyo unapiga, unadhani Mabira imekufuata nyumbani, kumbe ni jana usiku.

Usiku sasa. Mchungaji ana nusu ya ukweli, asilolijua ni TikTok.

Ukijiambia "nisifikirie mkopo" tayari umeufikiria. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake kule Marekani waliwaambia watu wasifikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zilipigwa. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzo. Hiyo sehemu inajulikana sana, watu wanairudia kila mahali. Isiyotajwa sana ni kwamba walijaribu na kundi lingine, wakawaambia, dubu akija fikirieni gari jekundu aina ya Volkswagen. Kitu kimoja tu, kilekile kila mara. Wale dubu hakuwarudia kwa nguvu namna ile. Maelezo ya Wegner ni kwamba mtu akikimbia wazo kwa kurukaruka, sasa anaangalia taa, sasa kiti, sasa pazia, kila alichokishika kinafungwa na lile wazo, kesho akiona pazia anakumbuka dubu.

TikTok ni kurukaruka hasa. Sekunde kumi mchekeshaji, sekunde kumi ajali, sekunde kumi jamaa anakuambia alivyotajirika na miaka 25, na we hapo una deni. Hakuna kinachojaza ile nafasi ya akili, kinaigusa tu na kupita, na kati ya video na video mkopo unachungulia. Halafu saa nane imefika, na mtu aliyelala masaa manne tu mwili wake unaamka umeshawashwa nusu, hofu inahitaji kijiti kimoja tu. Ukitaka kuhamisha mawazo usiku chagua kitu kimoja chenye mwisho, kipindi kimoja cha redio, kusikiliza homuweki ya mtoto, kupanga spea za kesho, na simu ilale chumba kingine ichaji huko. Bando lako nalo litakaa.

Na mawazo yenyewe yapewe saa yake. Hii ni njia ya Thomas Borkovec, aliiandika na wenzake 1983, inaonekana ya kitoto lakini wateja wangu wengi ndo wanaishika kuliko zote: nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale, pasiwe kitandani. Tuseme saa kumi na mbili jioni, nyuma ya duka, kwenye stuli, na daftari. Hapo unahangaika kwa makusudi, unaandika kila kinachokusumbua, na chenye hatua ya kuchukua unaandika hatua na siku. Kisicho na hatua unakiacha kwenye daftari kilivyo. Likija wazo saa sita usiku unaliambia, wewe nitakukuta kesho saa kumi na mbili, na unamaanisha, manake ukiwa muongo hata mawazo yako yatajua. Siku za kwanza utaona upuuzi. Wiki ya pili wengi wanakaa kwenye stuli wanakosa cha kuandika kabla nusu saa haijaisha.

Mambo ya haraka haraka. Mkeo mwambie ukweli wa Mabira, kama hujamwambia. Wanaume huku kwetu tunasema "nimechoka" pale tunapotaka kusema "naogopa", sasa yeye anaona mtu aliyechoka na kazi lakini ana nguvu za Ludo, lazima akasirike. Kahawa na enaji drinki acha siku za safari. Na kama kuna jamaa wa duka la dawa amekuambia Valium itakusaidia, usinunue kienyeji. Inatuliza, lakini mwili unaizoea na kuiacha kunakuwa kazi, hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari kwa muda mfupi na kwa sababu.

Jipe wiki sita za hayo. Kama bado huwezi kupanda gari, au usingizi haurudi, au mashambulio yanakuja hata ukiwa umekaa dukani, nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa. Kwa mtu wa Busia, Mbale ni karibu kuliko Jinja, na bahati nzuri njia yake haipiti Mabira, kwa hiyo hiyo sababu huna. Pale waambie kila kitu, pamoja na hedifoni na kuhesabu miti, usione aibu, ndo habari wanayoihitaji kuliko ya moyo kwenda mbio. Na ikitokea umeanza kuwaza kujidhuru, au kwamba familia ingekuwa nafuu bila wewe na deni lako, usihesabu wiki sita, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende siku hiyohiyo, hata kituo cha afya cha karibu, anzia hapo, watakupeleka mbele.

Ukishapiga ile simu ya SACCO niandikie walisemaje.